Nani Aliyemshika Mkono? Kisiwa cha Kauai na Historia ya Malezi

Wahenga wetu wametuachia kauli kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kauli hii huambiwa mzazi mchanga, aghalabu mama, naye huipokea kama onyo. Lakini tukiitazama vyema tutaona kuwa methali haikusema kazi hiyo ni ya nani. Lugha yenyewe imeyatenga mambo haya mawili. Kutokana na kuzaa tumepata mzazi, na wazazi wa mtoto ni wawili, hawazidi. Kutokana na kulea tumepata mlezi, na walezi hawana hesabu: bibi, babu, shangazi, mjomba, mama mdogo, dada aliyetangulia kuzaliwa, mwalimu wa chuoni, jirani wa ukuta kwa ukuta.

Kinyume cha kulelewa si kupigwa, bali ni kutelekezwa. Na mtoto aliyetelekezwa si lazima awe ametupwa jaani. Aweza kuwa analala kwao kila usiku, chini ya paa la wazazi wake, ila hapana anayeuliza amekula nini, amerudi saa ngapi, wala kwa nini leo hakwenda skuli. Kipigo huacha alama, na alama huonekana na jirani na hakimu. Kutelekezwa ni dhuluma isiyo na sauti, na kwa sababu hiyo wanahistoria wameipita kimya kimya, kama mtu apitaye mlango uliofungwa.

Makala haya yanakusudia kusimulia habari ya kisiwa kimoja ambako watoto wa mwaka mmoja, wa matajiri na wa maskini, walifuatwa tangu matumboni mwa mama zao hadi walipofikia utu uzima wa miaka 40. Kisiwa hicho ni Kauai, katika visiwa vya Hawaii, bahari ya Pasifiki. Kiko mbali nasi, lakini mtu wa Unguja na Pemba akiisikia historia yake hatajiona mgeni sana.

Nahodha Mwingereza James Cook alitia nanga Waimea, pwani ya Kauai, mwezi wa Januari mwaka 1778. Meli zilizofuata zilileta biashara, na pamoja na biashara zilileta maradhi ambayo wenyeji hawakuwa na kinga nayo, wakapukutika kwa makundi. Mwaka 1835 lilifunguliwa Koloa, kusini mwa kisiwa, shamba la miwa lililokuwa la kwanza kufanikiwa kibiashara katika Hawaii nzima. Hiyo ndiyo miongo ileile ambapo mashamba ya karafuu yalikuwa yakitanuka huku kwetu kwa jasho la watumwa. Kule Hawaii hawakuletwa watumwa, waliletwa vibarua wa mkataba: Wachina kuanzia mwaka 1852, kisha Wajapani, Wareno, watu wa Puerto Rico, Wakorea, na kuanzia mwaka 1906 Wafilipino. Ila mkataba wenyewe ulikuwa na meno. Sheria ya mwaka 1850 ilimruhusu hakimu kumtia gerezani kibarua aliyeacha kazi kabla muda wake haujatimia, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1900.

Wengi wa vibarua hao walikuja wakiwa vijana wa kiume, bila mama wala shangazi. Baadaye, kati ya mwaka 1908 na 1924, maelfu ya wanawake wa Kijapani walivuka bahari kuolewa na wanaume waliokuwa wamewaona kwenye picha tu. Siku chache baada ya kushuka melini wengi walijikuta shambani, wakichambua majani makavu ya miwa, mtoto mchanga akiwa mgongoni. Wapenzi wa ushairi watapenda kujua kuwa wanawake hao walitunga nyimbo za kazi, ambazo hadi leo zaitwa hole hole bushi: maneno ya mwanzo ni ya Kihawaii na yana maana ya kuambua majani, na la mwisho ni la Kijapani na maana yake ni wimbo. Nyimbo hizo zilizungumza juu ya uchovu, mshahara mdogo, waume walevi, na nyumbani kulikokuwa mbali. Ndani yake twaweza kusikia jambo ambalo daftari la msimamizi halikuliandika: kwamba mama aliyekuwa shambani tangu alfajiri hakuwa na mtu wa kumwachia mwana.

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Mtu wa nje akimwona mtoto wa kambi ya miwa anazurura peke yake mchana kutwa, atasema huyu ametelekezwa na mamaye. Kauli hiyo ina ukweli wa jicho, lakini haina ukweli wa sababu. Mama alikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa imeshanunuliwa na shamba. Jamaa ambao wangelisaidia kulea walikuwa wamebaki Hiroshima au Ilocos. Shamba lilihitaji kibarua mmoja mmoja, halikuhitaji ukoo.

Wenyeji wa Hawaii, kwa upande wao, walikuwa na desturi yao ya malezi iitwayo hanai. Kwa desturi hiyo mtoto hutolewa kwa babu na bibi, au kwa jamaa mwingine, naye humlea kama wake. Aghalabu mtoto wa kwanza wa kiume alikwenda kwa wazee wa baba, na wa kike kwa wazee wa mama. Jambo hili halikufichwa. Mtoto aliwajua waliomzaa na aliwajua waliomlea, na uhusiano wa nyumba mbili ukakazwa kwa mwili wake. Msomaji wa pwani ataitambua desturi hii mara moja, kwani kwetu si ajabu mtoto kukulia kwa bibi yake, au kwa shangazi asiyebahatika kuzaa, bila ya mtu kumwita yatima.

Mfano maarufu zaidi wa hanai ni wa Malkia Liliuokalani, mtawala wa mwisho wa Hawaii. Alizaliwa mwaka 1838, na tangu utotoni alilelewa na Abner Paki na mkewe Konia, si na wazazi waliomzaa. Mwaka 1893 alipinduliwa na kundi lililoongozwa na wafanyabiashara wa kizungu na wenye maslahi ya mashamba, wakisaidiwa na askari wa majini wa Marekani waliotua Honolulu. Mwaka 1895 alifungwa ndani ya jumba lake mwenyewe la kifalme. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, na kifungoni aliendelea kutunga. Aidha aliitia katika Kiingereza kumulipo, utenzi mkongwe wa asili ya ulimwengu na nasaba za watu wake, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1897. Mwaka uliofuata nchi yake ikaunganishwa na Marekani. Hakuwa tena na ufalme wala mtoto wa kumzaa. Lakini mwaka 1909 aliandika hati ya kuweka mali yake amana kwa ajili ya yatima na watoto mafukara wa Hawaii, wenye damu ya Kihawaii wakitangulizwa. Amana hiyo, iliyo mfano wa wakfu kwetu, yaendelea na kazi hadi leo. Mwana wa hanai, aliyepoteza nchi, aliwaachia watoto wasio na mtu kile kilichobaki mkononi mwake.

Tuje sasa kwenye watoto wenyewe. Mwaka 1946 wafanyakazi wa miwa wapatao 26,000 waligoma katika visiwa vyote vya Hawaii kwa muda wa siku 79. Kwa mara ya kwanza Wajapani, Wafilipino na wengineo waliokuwa wamegawanywa kwa makambi na kwa viwango vya mishahara walisimama pamoja, na wakashinda. Mishahara ikapanda, na mtindo wa kale wa kulipwa sehemu ya ujira kwa nyumba na huduma za kambi ukaondolewa. Kwa hiyo watoto waliozaliwa Kauai miaka tisa baadaye hawakuwa tena watoto wa kibarua aliyefungwa na mkataba. Lakini umaskini haukwisha kwa mgomo mmoja.

Mwaka 1955 walizaliwa kisiwani humo watoto 698 ambao watafiti waliamua kuwafuata wote. Wauguzi wa afya ya jamii walikuwa wameanza kuwaandikisha mama zao tangu wakiwa na mimba. Walipofika mwaka mmoja walitembelewa majumbani. Walipofika miaka miwili walipimwa na madaktari wa watoto na wataalamu wa saikolojia. Kisha wakatazamwa tena walipokuwa na miaka 10, 18, 32 na 40. Aliyekuja kujulikana zaidi kwa kazi hii ni Emmy Werner, mwanamke aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1929, akapita utoto wake katika vita vikuu vya pili, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California mjini Davis. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi pamoja na Ruth Smith, mtaalamu aliyekuwa akihudumia wakazi wa Kauai kwenyewe. Werner alifariki mwaka 2017.

Umuhimu wa njia yao ni huu. Kabla ya hapo ilikuwa desturi ya wataalamu kumchukua mtu aliyekwisha kuharibikiwa, mfungwa au mgonjwa wa akili, na kurudi nyuma kutafuta kasoro katika utoto wake. Mwenye kutafuta hivyo hakosi kuiona, kwani ni nani asiye na kasoro utotoni? Wale waliopita katika shida zilezile wakasalimika hawakuulizwa chochote, kwa kuwa hawakufika hospitali wala mahakamani. Kauai waliulizwa wote.

Kadiri ya theluthi moja ya watoto hao walihesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Walizaliwa katika ufukara, baadhi yao kwa uzazi wa taabu, katika nyumba zenye ugomvi, talaka, ulevi au maradhi ya akili, na mama zao walikuwa na elimu ndogo. Waliokwisha kukutana na matatizo manne au zaidi ya aina hiyo kabla ya kutimiza miaka miwili, thuluthi mbili yao waliharibikiwa kwa namna fulani: wakashindwa masomo, wakaingia katika uhalifu, wakaugua nafsi, au wakapata mimba kabla ya kufika miaka 18. Hilo lilitarajiwa. Lililowashangaza watafiti ni thuluthi iliyobaki. Watoto 72, wavulana 30 na wasichana 42, walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaojali wenzao. Walipofika miaka 40 hapakuwa na hata mmoja wao asiye na kazi, wala aliyepatikana na hatia, wala aliyetegemea msaada wa serikali.

Basi nini kiliwakinga? Sehemu moja ilikuwa tabia yao ya kuzaliwa nayo. Walikuwa watoto wachangamfu, wepesi wa kubembelezeka, na kwa hiyo walivuta mapenzi ya watu. Lakini uchangamfu wa mtoto ni kama nyavu: hauna faida pasipo na samaki. Ilibidi pawepo na mtu wa kuvutwa. Na huyo mtu alikuwepo. Kila mmoja wao, katika miaka yake ya mwanzo, alipata angalau mtu mmoja mzima, mwenye akili iliyotulia, aliyemjali bila ya kukatika. Mara nyingi huyo hakuwa mama wala baba. Alikuwa bibi au babu, dada mkubwa, shangazi au mjomba.

Mambo mengine yalikwenda pamoja na hilo. Wengi wa watoto hao walitoka katika nyumba zisizozidi watoto wanne, waliopishana kwa miaka miwili au zaidi, ili kila mmoja apate zamu yake ya kubebwa. Katika mwaka wao wa kwanza hawakutengwa kwa muda mrefu na yule aliyewalea. Wavulana walisitawi zaidi katika nyumba zenye taratibu na kanuni, ambamo palikuwa na mwanamume wa kuigwa, hata kama si baba. Wasichana walisitawi pale walipohimizwa kujitegemea, huku wakiwa na mwanamke wa kuegemea. Watoto walipewa kazi zenye maana, kama kumtunza mdogo wao au kuangalia nyumba mama anapokuwa kazini, na kazi hizo ziliwafundisha kuwa wanahitajiwa. Imani ya dini ndani ya familia, iwe ya Kibudha au ya Kikristo, iliwapa maana ya mambo. Na nje ya nyumba, kila mmoja wao aliweza kumtaja angalau mwalimu mmoja aliyemtazama kama mtu.

Orodha hii haina kitu cha ajabu wala cha gharama kubwa. Hapana dawa ndani yake wala mashine. Bibi mmoja wa kambi ya miwa, asiyejua kusoma, alikuwa akiyafanya yote haya kabla ya mtaalamu kuzaliwa. Lakini haifuati kuwa jambo lisilo na gharama kubwa halina gharama. Gharama yake ni wakati wa mtu, na wakati ndiyo mali ya kwanza ambayo maskini hunyang'anywa.

Habari ya Kauai imepata umaarufu duniani, na umaarufu umeipotosha. Kitabu cha Werner na Smith cha mwaka 1982 kina jina linalowaita watoto hawa dhaifu ambao hata hivyo hawashindiki, na wasomaji wengi wakashika neno hilo la mwisho wakaliachia la kwanza. Kumekuwa na watu wapendao kusema: mnaona, mtoto hodari hutoka popote, asiyetoka ni shauri lake. Mimi naona tafsiri hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma, kwa sababu tatu.

Kwanza, wale 72 walikuwa theluthi tu. Kwa kila mmoja aliyesalimika mapema walikuwepo wawili waliozama, nao walikuwa watoto walewale wa kisiwa kilekile. Pili, hata waliosalimika hawakutoka bila jeraha. Walipofika miaka 30 na kitu, baadhi yao, hasa wanaume, walikuwa na maradhi yanayotokana na mfadhaiko. Na wengine ilibidi wajitenge na wazazi wao ili wasivutwe chini pamoja nao. Kumkimbia mzazi ili upone ni ushindi wenye machungu. Tatu, na ndilo kubwa, kinga yenyewe haikuwa ndani ya mtoto peke yake. Ilikuwa katika watu waliomzunguka, na watu hao huondoka pale familia zinapotawanywa, nyumba zinapobomolewa, na kazi inapokula saa zote za mchana.

Jambo moja zaidi limesahauliwa na wapenda ushujaa. Wengi wa wale waliozama hawakubaki chini. Watafiti walipowakuta tena wakiwa na miaka 32, na kisha 40, walikuta kuwa wengi wao walikuwa wameinuka. Kilichowainua ni milango iliyofunguliwa ukubwani: vyuo vya jamii ambako mtu mzima aliweza kurudi kusoma, utumishi wa jeshi uliompa fani, ndoa na mtu aliyetulia, jumuiya ya dini iliyompokea. Akina mama waliozaa wakiwa wasichana wadogo wengi wao walikuja kusimama vizuri. Baina ya miaka hiyo, Septemba 1992, kimbunga kiitwacho Iniki kilikuwa kimekipiga kisiwa chao na kuangusha nyumba na ajira. Na katika shida zao za maisha walisema kuwa waliegemea zaidi jamaa, marafiki na majirani kuliko wataalamu. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndivyo tuambiwavyo, na ni kweli. Lakini binadamu si samaki. Binadamu akikauka aweza kulainishwa tena, iwapo yupo wa kumtilia maji.

Kwetu sisi swali hili si la mbali. Leo mama anayekwenda Omani au Dubai kufanya kazi za ndani humwacha mwanawe kwa bibi, huku yeye akilea watoto wa watu wengine. Bibi huyo ndiye kinga ambayo utafiti wa Kauai umeithibitisha. Lakini je, bibi mwenyewe analindwa na nani? Tunamwita nguzo ya nyumba, kisha twaiongezea nguzo mzigo mwaka hadi mwaka bila ya kuitazama kama imeliwa na mchwa. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeutambua ulezi wa kafala, yaani kumchukua mtoto na kumlea pasi na kumfutia nasaba yake, na hilo ni jema, kwani limeipa desturi kongwe mkono wa sheria. Ila sheria humshika mtoto ambaye amekwisha kufikishwa mbele yake. Yule anayezurura kimya uchochoroni, asiyelia na asiyeiba, hufikiwa na jirani kwanza.

Nasi wapenzi wa ushairi tuna neno la kujiuliza. Mwana Kupona binti Msham, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia bintiye utendi wa wosia, na alifariki miaka michache baadaye. Twausifu utendi ule kwa lugha na kwa adabu zake. Ni vyema kukumbuka pia ulikuwa nini kwa aliyeutunga: ni mama anayejua kuwa hatakuwepo, anayetafuta kitu cha kukaa mahali pake. Tangu hapo tungo zetu za wosia zimekuwa nyingi, na takriban zote humwelekea mtoto: fanya hivi, acha vile, watii wakubwa. Mtoto amepewa wajibu wake mara elfu. Wosia kwa jirani, kwa mjomba, kwa mwalimu, kwa mwenye shamba na kwa mwenye serikali, wa kuwaambia kuwa mtoto huyu ni wao pia na kwamba mama yake hana mkono wa tatu, huo bado tunauhitaji, na walio na kalamu wanaweza kuuanza.

Kauai haina tena mashamba ya miwa ya kibiashara, na sukari ya mwisho ya Hawaii ilivunwa katika kisiwa cha Maui mwaka 2016. Watoto wa mwaka 1955 sasa ni wazee waliopita miaka 70, na baadhi yao wana wajukuu. Mjukuu wa mmojawapo akikuuliza bibi yake alisalimika vipi, jibu la miaka yote ile ya utafiti laweza kusemwa kwa maneno machache: palikuwa na mtu aliyemshika mkono, na mtu huyo alikuwa na nafasi ya kuushika.